Miaka 34, sindano ya miezi mitatu, na anataka watoto wawili: muda uhesabiwe vipi?

BintiWaUmoja aliuliza:

Hamjambo wanajukwaa. Swali hili nawaletea wauguzi, madaktari na watu wa maabara walio humu, na naomba mjibu kwa hesabu, si kwa kupeana moyo.

Mwanamke ana miaka 34 na miezi 8, anaishi Umoja, Nairobi, ameolewa, mume ana miaka 41. Hajazaa. Amedungwa sindano ya miezi mitatu kwa miaka minne mfululizo na hedhi imekata kabisa. Kabla ya hapo mzunguko wake ulikuwa wa siku 28 hadi 30. Akiwa na miaka 25 alitibiwa maambukizi ya nyonga mara moja, akapona. Hana presha wala sukari, havuti sigara. Anasoma shahada ya pili jioni, amebakiza miaka miwili, na wamekubaliana na mume waanze kutafuta mtoto akimaliza. Wanataka wawili.

Kwenye foleni ya kliniki anasikia maneno yanayopingana. Huyu anasema sindano inakula kizazi. Yule anasema yai lisilotoka linabaki akiba, kwa hiyo miaka minne ya sindano ni miaka minne ya mayai yaliyowekwa. Lipi la kweli? Aendelee na sindano hadi amalize masomo au abadilishe njia sasa? Kile kipimo cha damu cha AMH, homoni inayoonyesha mayai yaliyobaki, kinachotangazwa na maabara za mjini kina faida kwake? Na kugandisha mayai je, ni jambo la kufikiria kwa mtu kama yeye?

SistaWaUzazi alijibu:

Dada, yote mawili si kweli, ila kila moja lina kipande cha ukweli kinacholifanya liaminike.

Sindano haili kizazi. Ile dawa, miligramu 150 za medroksiprojesteroni, inazuia yai kupevuka na inafanya utando wa ndani wa mji wa mimba ubaki mwembamba. Ndiyo maana hedhi inakata: hakuna utando wa kubomoka. Hakuna damu chafu inayojikusanya mahali, na mwanamke asinunue dawa ya kuitoa.

Kipande cha ukweli ni kwamba sindano huchelewa kuachilia mwili. Dawa imekaa kwenye msuli kama ghala dogo na hakuna anayeweza kuichomoa. Kati ya wanawake wanaoacha sindano ili wazae, nusu ya wanaoshika mimba huwa wameshika kufikia miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Kufikia miezi 12 ni asilimia 68, miezi 15 ni asilimia 83, miezi 18 ni asilimia 93. Zingatia kwamba tunahesabu kutoka siku ya kudungwa, si kutoka siku ambayo sindano iliisha nguvu. Na kuchelewa huko hakutegemei umetumia miaka mingapi. Aliyedungwa mara mbili na aliyedungwa mara kumi na sita wanangoja kwa namna ile ile.

Kwa msichana wa miaka 24 miezi hiyo si kitu. Kwa mtu atakayeanza kutafuta akiwa na miaka 36 na miezi 8, ni miezi ya bei ghali. Tena kuna tatizo ambalo watu hawalioni mpaka limewafika: akiacha sindano na mimba isishike kwa miezi tisa, hakuna anayeweza kumwambia kama ni dawa ambayo haijaisha mwilini au ni mirija iliyoziba. Anakaa akingoja hedhi irudi huku tatizo lingine likiendelea kujificha nyuma ya sindano.

Kwa hiyo mimi ningembadilishia njia sasa, si mwaka wa mwisho wa masomo. Mbili zinamfaa.

Koili ya shaba haina homoni, inafanya kazi miaka 10 na zaidi, na siku ikitolewa uwezo wa kushika mimba unarudi katika mzunguko ule ule. Maambukizi ya nyonga ya zamani yaliyopona hayamzuii kuwekewa. Yanayozuia ni maambukizi yaliyopo leo: usaha kwenye mlango wa kizazi, maumivu akiguswa, klamidia au kisonono ambavyo havijatibiwa. Apimwe kwanza. Ubaya wake ni hedhi nzito na tumbo kukata, hasa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Koili chache hutoka zenyewe, takriban 5 kwa kila 100 mwaka wa kwanza, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na ndiyo maana tunamfundisha mama kupapasa nyuzi baada ya kila hedhi.

Njia ya pili ni kijiti cha mkononi. Jadelle ina vijiti viwili na hukaa miaka 5. Implanon NXT ni kimoja, miaka 3. Kikitolewa, homoni huondoka damuni ndani ya siku chache na yai hurudi kutoka ndani ya wiki chache. Shida yake kubwa ni matone ya damu yasiyo na ratiba. Shida ya pili ni kijiti kilichozamishwa ndani mno: kinatakiwa kuwa chini tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono usioandikia, unakisikia ukipapasa. Kama siku ya kuwekewa hukisikii kwa kidole, sema hapo hapo kabla hujaondoka.

Vyote viwili vinapatikana katika vituo vya afya vya umma hapa Nairobi. Na akishatoa asiambiwe apumzishe mwili kwanza. Hakuna mapumziko yanayohitajika.

DaktariWaKinaMama alijibu:

Sista amesema vizuri kuhusu sindano. Mimi niende kwenye lile la akiba, kwa sababu nasikia hata wasomi wakilirudia.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai kati ya milioni 1 na milioni 2. Akibalehe yamebaki takriban 300,000 hadi 400,000. Katika maisha yake yote yatakayotoka kwenye ovari kwa ajili ya kutungwa mimba hayazidi 400 au 500. Mengine yote hufia ndani. Kila siku, mchana na usiku, kuna mayai yanayoamka kutoka usingizini. Kuamka huko hakungoji homoni za hedhi, kwa hiyo hakusimamishwi na sindano, tembe, ujauzito wala kunyonyesha. Sindano inachozuia ni lile yai moja la mwisho kupevuka na kutoka. Wenzake waliokuwa nalo safarini wanakufa vilevile, na lenyewe pia. Hakuna benki hapo.

Idadi kupungua ni nusu ya habari, na si nusu mbaya zaidi. Yai la mwanamke wa miaka 37 lina miaka 37 na ushee, maana lilianza kugawanya kromosomu zake yeye akiwa tumboni mwa mama yake, likasimama katikati ya kazi. Kinachozishikilia kromosomu pamoja kwa muda wote huo huchoka. Yai likija kumalizia mgawanyiko, kromosomu moja huenda upande usio wake. Mimba inayotokana na yai hilo mara nyingi haijishikizi, au inatoka wiki ya 7 au 8. Ndiyo sababu umri hupunguza mimba na huongeza mimba kutoka kwa wakati mmoja. Chanzo ni kimoja.

Kwa takwimu: mwanamke wa miaka ya 20 au mwanzo wa 30 ana nafasi takriban 1 kati ya 4 ya kushika mimba kila mwezi anaojaribu. Kushuka huanza kuonekana kwenye miaka 32 hivi, na baada ya 37 mteremko unakuwa mkali. Akifika 40 ni takriban 1 kati ya 10. Mimba kutoka ni kama 1 kati ya 10 kwenye miaka 25 hadi 29, na zaidi ya nusu akishapita 45. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa wa Down kwenye miaka 30 ni takriban 1 kati ya 900, kwenye 35 ni 1 kati ya 350, kwenye 40 ni 1 kati ya 85.

Sasa dada, kuna neno katika swali lako ambalo watu watalipita: wanataka WAWILI. Watafiti wa Uholanzi walitoa hesabu mwaka 2015 inayojibu hilo moja kwa moja. Wanandoa wanaotaka mtoto mmoja bila msaada wa IVF (kutungisha mimba maabara), na wanataka uhakika wa asilimia 75, mwanamke aanze kujaribu kabla hajapita miaka 37. Wakitaka wawili kwa uhakika ule ule, umri unashuka hadi 34. Akianza kwenye 38 akitaka wawili, nafasi imefika nusu kwa nusu. Mwanamke huyu akingoja amalize masomo ataanza kati ya nukta hizo mbili. Kwa mtoto wa kwanza bado yuko vizuri. Anayewekwa rehani ni wa pili.

Kwa maoni yangu, wasogeze tarehe. Waanze akiwa na miaka 35 na miezi michache, akubali kwamba mwaka wa mwisho wa masomo unaweza kuwa na tumbo au mtoto mchanga, na aulize chuo mapema kuhusu kuahirisha muhula. Muhula unaahirishwa.

Kuhusu maambukizi ya nyonga. Mara moja tu, yakatibiwa, bado yanaacha takriban mwanamke 1 kati ya 10 na tatizo la mirija. Yakirudi mara ya pili hatari hukaribia kuwa maradufu. Kanuni ya kawaida inasema aliye chini ya miaka 35 ajaribu miezi 12 kabla ya kwenda kupimwa, mwenye 35 na kuendelea miezi 6, mwenye 40 aende mara moja. Yeye asitumie hata hiyo ya miezi 6. Koili au kijiti kikishatolewa na hedhi ikishaonekana, afanye HSG, ile eksirei ya mirija, kati ya siku ya 7 na ya 10 ya mzunguko: damu imekoma, yai bado. Inauma kwa dakika chache kama hedhi kali. Ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla husaidia, kama hana vidonda vya tumbo. Amwambie daktari kuhusu yale maambukizi ya zamani ili apewe antibayotiki ya kinga. Na picha ikionyesha mirija yote miwili imeziba pale inapoanzia kwenye mji wa mimba, asilie bado. Misuli hujikaza kwa maumivu na kuonekana kama kizuizi. Kipimo hurudiwa kabla ya mtu kutamka neno upasuaji. Mrija uliovimba na kujaa maji upande wa mwisho ndio habari nyingine: ule hupunguza mafanikio ya IVF hadi karibu nusu, na mara nyingi inabidi ukatwe au ufungwe kwanza.

Siku ya pili hadi ya tano ya hedhi apimwe pia FSH na estradioli, homoni zinazoonyesha kazi ya ovari. Tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, zipimwe siku yoyote. Ultrasaundi ya kupitia ukeni itazame ovari na faibroidi, yaani uvimbe wa mji wa mimba usio saratani. Faibroidi iliyochomoza ndani ya mji wa mimba ndiyo inayosumbua mimba, iliyoning'inia nje mara nyingi haisumbui hata ikiwa kubwa kama chungwa.

AMH ni kipimo cha idadi, hakipimi ubora. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 uliwafuata wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, na wenye AMH ya chini walishika mimba kwa njia ya kawaida sawa na wenzao. Mtu anapata jibu la chini, anaingia hofu, kumbe halikumwambia kitu kuhusu mwezi ujao. Tena njia za homoni zinaweza kulishusha, na yeye yuko kwenye homoni sasa hivi. Asilipie.

MaabaraYaMayai alijibu:

Daktari, kwa heshima, hapo kwenye AMH nitapingana nawe kidogo. Kwa anayetaka kujua kama atashika mimba mwezi ujao, uko sahihi kabisa. Lakini kwa anayefikiria kugandisha mayai, AMH na kuhesabu vifuko vidogo vya mayai kwa ultrasaundi ndivyo vinavyotabiri tutavuna mangapi, na bila hivyo anaingia gharama gizani. Aangalie tu kizio cha majibu: maabara nyingine huandika nanogramu kwa mililita, nyingine pikomoli kwa lita, na 1 ya kwanza ni 7.14 za pili. Mtu mwenye 1.5 akilinganisha na rafiki mwenye 10 anadhani amekwisha, kumbe wako karibu sawa.

Kuhusu kugandisha, hatua ni hizi. Sindano za homoni za kila siku chini ya ngozi ya tumbo kwa siku 8 hadi 14, huku akipigwa ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu. Vifuko vikifika milimita 17 au 18 anadungwa sindano ya kukomaza, na saa 34 hadi 36 baadaye mayai yanavutwa kwa sindano ndefu inayopita ukeni ikiongozwa na ultrasaundi, akiwa amelazwa kwa dawa. Ni kazi ya dakika 20 hivi. Sindano ya kukomaza ikidungwa saa mbili kabla au baada ya muda ulioandikwa, mavuno yanaweza kuharibika. Ndiyo kosa la nyumbani linaloumiza zaidi. Hatari kubwa ya kitabibu ni ovari kuchochewa kupita kiasi, tumbo likajaa maji. Siku hizi inapunguzwa sana kwa kuchagua aina ya sindano ya kukomaza, kwa hiyo aulize kliniki wanatumia ipi na kwa nini.

Mayai yaliyokomaa tu ndiyo yanayogandishwa, takriban 8 katika 10. Hugandishwa kwa kasi kubwa hivi kwamba maji ndani yake yanakuwa kama kioo bila kufanya chembe za barafu, kisha hukaa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Watu huuliza stima ikipotea itakuwaje. Mtungi wa nitrojeni hautegemei stima. Ni kama chupa kubwa ya chai yenye kuta mbili. Unategemea mtu wa kuujaza. Maswali ya kuuliza kliniki ni: nani anapima kina cha nitrojeni, mara ngapi kwa wiki, kengele ya tahadhari inamlilia nani usiku wa manane, na nitrojeni ya ziada iko wapi.

Sasa hesabu ya kurudi. Chukua mayai 10 yaliyokomaa. Yakiyeyushwa hubaki hai 8 au 9. Kila moja linadungwa mbegu moja ya kiume kwa sindano, kwa sababu ganda huwa limekakamaa. Yanatungwa kama 6. Yanayofika siku ya tano yakiwa viinitete vizuri, yaani mayai yaliyotungwa yakaanza kukua, ni 2 au 3. Ndipo umri unapoingia kudai chake, kwa sababu ya zile kromosomu alizoeleza daktari. Hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2017 inasema mayai 20 yaliyokomaa yakigandishwa kwenye miaka 34 yanampa mwanamke nafasi ya takriban asilimia 90 ya kupata angalau mtoto mmoja. Mayai 20 hayo hayo kwenye miaka 37 ni asilimia 75, kwenye 42 ni asilimia 37. Na wanawake wengi hawapati 20 kwa mvuno mmoja.

Kwa hiyo kwa mtu mwenye mume, mirija ambayo haijapimwa, na anayeweza kuanza mwaka ujao? Pesa hiyo isiende kwenye mayai. Kwa mtu asiye na mwenza na hajui lini, au anayekaribia kuanza dawa za saratani, jibu langu lingekuwa tofauti kabisa. Wakishindwa kabisa kusogeza tarehe, wakae wafikirie kugandisha viinitete badala ya mayai, maana hapo unajua una vingapi vilivyofika siku ya tano. Ila kiinitete ni cha watu wawili: fomu ya ridhaa isomwe neno kwa neno, hasa pale inaposema kitafanywa nini ndoa ikivunjika au mmoja akifariki.

Na bei waliyotangaziwa waiulizie vipande vyake. Dawa za sindano mara nyingi zinahesabiwa kando, na ndizo zinazoongeza sana. Daktari wa usingizi, kugandisha, kuhifadhi kwa mwaka, na kuyeyusha baadaye, kila kimoja kinaweza kuwa na ankara yake.

BintiWaUmoja:

Asanteni sana, hata sijui nianzie wapi kushukuru. Maswali mawili ya nyongeza. Mume hajatajwa, naye ana umri wake. La pili, kuna kemisti mtaani aliyesema atampa klomifeni siku atakayoacha sindano, "kuamsha mayai." Afanye hivyo?

MfamasiaWaMtaa alijibu:

Asifanye. Klomifeni ni dawa ya mwanamke ambaye yai halipevuki, na huyu kabla ya sindano alikuwa na mzunguko wa siku 28 hadi 30, maana yake yai lilikuwa likitoka. Haiharakishi sindano kuisha mwilini. Haifungui mirija. Haibadilishi ubora wa yai. Inachoweza kufanya ni kukausha ute wa mlango wa kizazi na kufanya utando wa mji wa mimba uwe mwembamba, yaani kumpunguzia nafasi aliyokuwa nayo. Inaleta mapacha kwa takriban mimba 5 hadi 8 katika kila 100, na mapacha kwenye miaka 36 ni mimba ya kuchungwa. Ikiwa atawahi kuihitaji, iandikwe na daktari, kwa ultrasaundi ya kufuatilia, na isiendelezwe zaidi ya mizunguko sita. Kinachonisikitisha ni wanawake wanaomeza pakiti baada ya pakiti mwaka mzima wakiwa na mirija iliyoziba. Dawa haikuwadhuru sana. Mwaka ndio uliopotea.

Na zile dawa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa mitandaoni, vidonge vya kuingiza ukeni na mvuke, ziachwe kabisa. Uke una bakteria wake wa kuulinda. Ukiwaua unakaribisha maambukizi, na huyu dada nyonga yake imeshaona maambukizi mara moja.

Anachohitaji kutoka kwangu ni foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mpaka wiki 12 za mimba. Aangalie pakiti, maana vidonge vya miligramu 5 ndivyo vinavyopatikana kwa urahisi, na hivyo ni vya waliowahi kupata mtoto mwenye tatizo la uti wa mgongo, wenye kisukari, seli mundu, au wanaotumia dawa za kifafa. Na kama atachagua kijiti, atuambie dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU humeng'enya homoni ya kijiti haraka, na mimba hushika kijiti kikiwa mkononi. Dolutegraviri, nayo ya VVU, haina shida hiyo.

DaktariWaKinaMama:

Mume apimwe mwezi ule ule mke anapoanza vipimo, asingoje yeye akutwe hana tatizo. Ni kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachoachwa mwisho. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa, atoe kwa mkono kwenye chombo cha maabara, bila mate, bila mafuta, bila kondomu ya kawaida. Sampuli ifike mezani ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Kwa msongamano wa Thika Road au Jogoo Road asubuhi, kuitolea nyumbani ni kucheza bahati nasibu, aitolee maabara.

Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 30 ziwe zinaogelea mbele. Yakitoka chini ya hapo, arudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu huchukua takriban siku 74 kutengenezwa na homa ya mwezi uliopita inaweza kuwa ndiyo iliyoharibu. Umri wa mwanamume hupunguza pia, polepole, zaidi baada ya miaka 40. Kinachoharibu haraka ni sindano za testosteroni za gym: huzima utengenezaji wa mbegu kabisa, na kurudi huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka.

Kujamiiana kila baada ya siku moja au mbili katika siku sita zinazoishia siku ya yai kunatosha. Mbegu hukaa hai hadi siku tano ndani, yai ni saa 12 hadi 24 tu. Wanaosubiri dalili ya yai ndipo waanze, mara nyingi wamechelewa.

Akishashika mimba aende kliniki mapema, kabla ya wiki 12, aseme umri wake. Ultrasaundi ya wiki 11 hadi 13, ya viungo wiki 18 hadi 22, sukari wiki 24 hadi 28, presha kila anapofika. Mtoto wa pili tutamhesabia tena: Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 24 kati ya kuzaa na mimba inayofuata, lakini kwa mama wa miaka 37 wengi wetu huteremka hadi kwenye 12 hadi 18. Chini ya 12 hapana, na kama alijifungua kwa upasuaji ndiyo kabisa.

BintiWaUmoja:

Nimeelewa, daktari. Sista, nikurudie mara ya mwisho: sindano yake ya mwisho alidungwa wiki 9 zilizopita. Kama ni koili, aende lini? Asubiri hedhi? Maana hedhi yenyewe haipo.

SistaWaUzazi:

Asisubiri hedhi, mwanangu. Aende sasa, sindano ikiwa bado inamlinda. Akiwa ndani ya muda wake tunajua hana mimba, na koili inaweza kuwekwa siku yoyote. Akichelewa hadi wiki ya 17 itabidi tuanze kupima mimba na kuuliza maswali mengi.

Aende asubuhi, ale kwanza, ameze ibuprofeni kabla ya kufika, avae sketi. Aseme mapema kuhusu yale maambukizi ya miaka 25 na aombe kuangaliwa mlango wa kizazi kwa taa kabla ya lolote. Muuguzi atapima kina cha mji wa mimba kwa kijiti maalumu. Hapo ndipo panapouma, kama sekunde kumi. Asisimame haraka baada ya hapo, wengine husikia kizunguzungu.

Asiombe nyuzi zikatwe fupi sana eti mume atazisikia. Zikiachwa sentimita tatu hivi hulainika na kujikunja zenyewe. Zikikatwa mno huchoma, na siku ya kutoa tunazitafuta kwa shida. Arudi wiki tatu hadi sita baadaye tuitazame. Akipata homa, maumivu makali chini ya kitovu au uchafu unaonuka katika siku 20 za mwanzo, asingoje tarehe ya kadi, aje siku hiyo hiyo. Na ile kadi aitunze pamoja na cheti cha ndoa, maana tarehe iliyoandikwa pale ndiyo daktari atakayoiuliza kwanza mwakani.